Siku Niliyokuta Nimekufa Beni

Nimeandika vitabu ishirini na saba. Nasema mwenyewe mapema, kwa sababu Butembo hakuna atakayeniuliza. Mji huu una watu walioshusha makontena kutoka China na kujenga maghorofa bila kumsubiri mtu yeyote, serikali ikiwemo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia umeandika vitabu ishirini na saba, anakutazama kwa huruma ya kweli, kisha anakuuliza kwa sauti ya chini, "Mais kazi, uko nafanya gani?" Yaani: lakini kazi, unafanya gani?

Kazi yangu ni ualimu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Morogoro. Mume wangu tulikutana Kariakoo, nilipokuwa namsaidia shangazi dukani wakati wa likizo. Alikuja kununua vitenge, akashika kimoja, akaniuliza, "Hii inauzishwaka ngapi?" Nilidhani ananitania, nikamcheka usoni bila haya. Yeye hakukasirika. Alingoja nimalize kucheka, akarudia swali vilevile, neno kwa neno. Mwaka uliofuata alinioa, akanileta Butembo, na tangu hapo wanaocheka ni wao.

Nilifika na cheti cha kufundisha Kiswahili, chenye alama ambazo mama yangu alizitangaza mtaa mzima. Nilikivaa kichwani kama taji. Juma la pili nilikipeleka kwa mkuu wa sekondari moja ya Waprotestanti, ambaye huku tunamwita préfet. Alikisoma mbele na nyuma, akakilaza mezani kwa heshima, kama mtu anayelaza mtoto wa jirani.

"Kiswahili," alisema. "Madame, Kiswahili tuko naijua tayari. Hata mbuzi ya hapa inaijua. Anglais, unaweza?"

Nilisema naweza kidogo.

"Bon. Batu ya Tanzania banajuaka Anglais. Lundi utaanza," yaani Jumatatu.

Ndivyo mwalimu wa Kiswahili alivyovuka mpaka, akaingia nchi ya watu wanaosema Kiswahili, akawekwa kufundisha Kiingereza asichokipenda, kwa watoto wanaosema Kinande nyumbani, akiripoti kazi yake kwa Kifaransa kila Ijumaa. Naipongeza nchi inayojua kutumia wataalamu wake.

Basi Kiswahili changu nikakihamishia kwenye vitabu. Nilikuwa naandika mapumziko ya saa nne, wenzangu wanapokunywa chai, na Jumapili baada ya ibada, mume wangu akijifanya amelala ili asisomewe. Vitabu vyenyewe ni vijitabu: kurasa arobaini, hamsini, vikichapwa kwenye secrétariat public, yaani kile kibanda chenye kompyuta na mashine ya fotokopi, kisha vinabanwa kwa pini mbili. Lakini jalada lilikuwa na jina langu kwa herufi kubwa, na hilo nililisimamia mwenyewe.

Cha kwanza niliwapa akina mama wa kanisani kwetu, waliokuwa na kikundi cha kusoma pamoja kila Alhamisi. Nilikiandika kwa Kiswahili cha kutakata, kile ambacho mwalimu wangu wa chuo angekisoma amesimama. Baada ya wiki mbili mwenyekiti wao, mama mmoja mpana mwenye duka la sabuni, alikuja nyumbani kunirudishia. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nilidhani mtu amekatwa kidole juu yake. Walikuwa wamekisahihisha kwa kalamu ya bic nyekundu. Kila "mtu" alikuwa amekuwa "mutu". Kila "watoto" walikuwa "batoto". Kila palipoandikwa "sitaki" palifutwa, juu yake wakaandika "hapana taka". Ukurasa wa mwisho walinipa alama: tano kwa kumi.

"Madame, hapana kukasirika," yule mama alinifariji, akinishika mkono. "Histoire, hadithi yako, iko nzuri. Ni luga tu. Weye uko mugeni, itakuya polepole."

Nilikasirika mwezi mzima. Niliapa kwamba sitaandikia tena watu wasiojua ngeli. Kisha, kwa kuwa sikuwa na watu wengine wa kuwaandikia, nikaanza kuwasikiliza. Nilisikiliza sokoni, nilisikiliza kwenye foleni ya maji, nilimsikiliza mume wangu akigombana na wasafirishaji kwenye simu. Nikaja na mapatano: mimi msimulizi nitasema Kiswahili changu, na watu walio ndani ya hadithi watasema chao. Akina mama wa Alhamisi wakapandisha alama hadi saba. Sijawahi kupata nane. Mwenyekiti anasema nane ni ya Mungu.

Kitabu kilichonipeleka Beni ni cha kumi na tisa. Kinamhusu mjane wa Kirumba, kusini mwa Butembo, anayepakia magunia yake ya viazi kwenye lori ili akauze Butembo. Lori linakwama kwenye matope, abiria wanakaa njiani siku tatu, wanagombana, wanaibiana mablanketi, wanapatana. Mwishoni chifu wa eneo anafika na vijana wenye majembe, lori linatolewa, na chifu anapanda juu ya gunia na kuwahutubia kuhusu umoja. Hotuba yake ina kurasa nne. Niliipenda hotuba ile. Niliiandika Jumapili moja bila kusimama, na nilipomaliza nilitokwa na machozi, jambo ambalo ningepaswa kulichukua kama onyo.

Miaka kadhaa ilipita. Siku moja mwalimu mwenzangu wa hisabati alirudi kutoka mazishini Beni, akanivuta kando kwenye varanda ya shule.

"Madame, ile kitabu yako ya mama wa bilazi," alisema, yaani viazi. "Nimeikuta kule Beu. Batoto iko nasoma. Mais jina iko ya mutu mwingine."

"Jina la nani?"

"Ya mwanaume fulani. Sikuishika kichwani. Jina ya kiislamu."

Kwa mwandishi ambaye hajawahi kusomwa nje ya parokia tatu, habari hiyo ingepaswa kuwa sherehe: nilikuwa nimepata wasomaji kilomita hamsini na zaidi kutoka nyumbani, bila hata kuwaomba. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, "mwanaume". Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaandika kichwani barua mbili za malalamiko na hotuba moja.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anatenganisha risiti zake.

"Sasa unaenda Beni kupigana juu ya bilazi?" aliuliza.

"Naenda kudai haki."

"Aa," alisema. "Kama ni haki, beba na mwavuli."

Nilisafiri Jumanne ya likizo fupi, asubuhi, kwenye taksi iliyopakia watu saba na kuku wasiohesabiwa. Nilibeba nakala kumi na mbili za vitabu vyangu kama ushahidi. Kwenye kizuizi cha pili askari alifungua mfuko, akatoa kimoja, akalitazama jina langu, akanitazama mimi.

"Mama, yo moko okomi?" aliniuliza kwa Kilingala, na dereva akanitafsiria: anauliza kama umeandika mwenyewe.

Nilijibu ndiyo, mwenyewe, vyote.

"Politique?"

"Viazi," nikasema.

Alifikiri kidogo. Alikirudisha mfukoni kwa uangalifu ambao mkuu wangu wa shule hajawahi kunionyesha, akatuachia njia. Mpaka leo namhesabu kati ya wasomaji wangu wakubwa.

Beni ni moto kuliko Butembo. Unashuka, unavua sweta, unaanza kutoka jasho pamoja na hasira zako. Kule Beu, mtaa mmoja wa Beni, nilielekezwa kwenye jengo la kanisa dogo la mbao ambalo siku za juma lilikuwa darasa. Ni darasa la watoto waliopotezewa miaka, kwa hiyo halina likizo. Wengi walitoka vijiji vya mashariki mwa mji, ambako watu wenye mapanga walipita, na shule nyingi zikabaki majivu. Kwa hiyo unamkuta msichana wa miaka kumi na minne ameketi darasa la tatu, magoti yamefika kifuani, karibu na mdogo wa miaka minane. Yote hayo niliyajua. Kila mtu huku anayajua. Nilikuwa nimeyaacha nje ya hasira yangu kwa sababu hayakuwa na nafasi.

Mwalimu wao alikuwa mwanaume mwembamba wa makamo, amevaa tai katika joto lile. Aliponiona mlangoni na mfuko wangu, alidhani nimetoka kwenye shirika fulani la misaada.

"Karibu, Madame, karibu. Uko wa ONG? Keti tu nyuma, tuko katikati ya leçon."

Ningesema mimi ni nani saa ileile. Badala yake nikaketi. Nilitaka kumkamata na ushahidi mkononi, kama polisi wa kwenye filamu.

Ubaoni alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kupita wangu: MWANDISHI. Chini yake jina ambalo silijui, refu, la heshima. Akauliza darasa, "Mwandishi alizaliwa wapi?"

"Unguja!" wakajibu kwa pamoja.

"Alifanya kazi gani?"

"Alikuwa mwalimu mukubwa, aliandika bitabu mingi sana!"

"Iko wapi leo?"

"Alikufaka!"

"Alikufa ya nini?"

"Tumbo!"

Nilikaa pale, mkoba mapajani, nikisikiliza kifo changu kikisemwa na watoto arobaini bila chembe ya majonzi. Nikajiuliza kwa nini tumbo. Kama ni lazima nife, kuna magonjwa yenye heshima zaidi.

Kisha mwalimu akaeleza mwandishi alitaka kusema nini. Alieleza vizuri, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema mwandishi alimpenda yule mjane kwa sababu mjane hakuwa mtu mwema sana: alificha mkate wake siku ya kwanza, na siku ya pili akamgawia mtu aliyemwibia blanketi, huku akimtukana. "Mwandishi aliona batu vile biko," alisema mwalimu. "Hapana vile banapashwa kuwa." Miaka yote ile ya kuwasomea wenzangu vijitabu vyangu kwenye semina za walimu, hakuna aliyewahi kuniambia jambo kama hilo. Aliyeambiwa ni marehemu wa Unguja.

Halafu yule msichana wa miaka kumi na minne akasimama kusoma mwisho wa hadithi. Alisoma kutoka kwenye daftari lililoshonwa kwa uzi. Mjane amekaa kwenye matope siku tatu. Viazi vinaanza kuota. Anaomba sufuria, anawasha moto, anavichemsha gunia moja baada ya jingine na kuwauzia abiria, kwanza kwa bei, kisha kwa kubadilishana, kisha bure. Siku ya nne magunia ni matupu. Anayakunja, anayaweka kichwani, anageuka na kurudi Kirumba kwa miguu. Anaimba njiani. Lori bado limekwama.

Msichana akaketi. Hapakuwa na chifu. Hapakuwa na vijana wenye majembe. Kurasa zangu nne za umoja hazikuwepo popote.

Kipindi kilipokwisha watoto wakatoka uani, nikamfuata mwalimu mezani. Nilitoa nakala yangu, nikaiweka mbele yake, jalada juu, kidole changu chini ya jina langu.

"Mimi ndiye mwandishi," nilisema.

Alitazama jalada. Alinitazama. Akatikisa kichwa polepole, kwa upole mkubwa.

"Hapana, Madame. Mwandishi alikufaka."

"Mwalimu, mimi ni mzima. Nimekuja na taksi."

Alichukua kijitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma mistari mitatu kwa midomo bila sauti. Akafungua wa pili. Kisha akaketi, akalegeza tai. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayekana, au atakayepiga kelele. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayepapasa karatasi kama anapapasa kitambaa cha bei ghali.

"Iko na jalada," alisema hatimaye. "Miye sikuyuaga kama ilikuwaka na jalada."

Akanieleza. Alikuwa anafundisha kijijini, mashariki. Asubuhi moja alikuwa anaenda shuleni, kijitabu amekikunja kwenye mfuko wa koti kwa sababu alikuwa na somo la kusoma saa ya kwanza. Hakufika. Watu walikuwa wanakimbia kuja upande wake, naye akageuka akakimbia nao. Walitembea siku mbili msituni. Mvua ilinyesha. Walipofika Beni alikuwa na mke, watoto watatu, koti, na ndani ya koti kurasa thelathini na sita za hadithi ya mjane wa Kirumba. Jalada lilikuwa limeng'oka zamani, kabla hakijafika mikononi mwake. Kurasa za mwisho zilitumika kuwashia moto msituni, usiku wa baridi, na mke wake ndiye aliyezichagua.

"Aliniambia, 'Hizi za nyuma zinasema mambo ya chef, tuanze na hizi,'" alisema, kisha akashtuka na kunitazama. "Pardon, Madame."

Nilimwambia hakuna neno. Sikuwa nasema kweli.

Alipopewa darasa Beni hapakuwa na kitabu hata kimoja cha kusoma. Basi alinakili hadithi kwa mkono, madaftari sita, watoto wakiyashika kwa zamu, baadaye mtu mmoja wa kanisa akamlipia fotokopi. Inspecteur alipokuja kukagua, alisema hawezi kuruhusu maandishi yasiyo na mwandishi. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya jina, mahali pa kuzaliwa, na kazi.

"Donc nilimupatia mwandishi," alisema mwalimu.

"Na kwa nini mwanaume?"

"Inspecteur iko mutu wa kuuliza mingi. Mwanaume, habaulizake sana."

"Na Unguja?"

"Kiswahili yake ilikuwaka nguvu. Haikuwa ya hapa. Nilisema, huyu mutu alitokea mbali kabisa, kule Kiswahili inazaliwaka."

Moyo wangu, ambao ulikuja kufanya vita, ukalainika kidogo. Nilijaribu kuurudisha mahali pake.

"Sawa. Na kwa nini umeniua?"

Hilo lilimtia aibu kweli. Alitazama nje, watoto wakirusha mpira wa majani ya migomba.

"Kama mwandishi iko muzima, bangeniomba autorisation, na signature yake. Marehemu, hapana signature." Akafikiri, akaongeza, "Mais nilimuheshimu. Kila mwaka tunamuombeaka."

Ningefanya nini? Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba hoja ile haina tundu. Ningekuwa mimi, ningemuua mwandishi vilevile, na pengine nisingemkumbuka kwenye sala.

Watoto waliporudi aliwatangazia. Aliwaambia kwamba mwandishi wa hadithi yao yupo hai, ni mama, na ameketi mbele yao. Nilisimama, nikatabasamu, nikangoja. Nakiri nilingoja makofi. Walinitazama kama wanavyotazamwa watu wanaokuja kupima ardhi. Kisha yule msichana msomaji akanyoosha mkono.

"Kama ni weye uliandika," aliuliza, "mwisho ilikuwaka namna gani?"

Nikawaambia. Nikawasimulia chifu anavyotokea kwenye ukungu na vijana wake, majembe yanavyolia, lori linavyonguruma na kutoka. Niliifupisha hotuba, lakini si sana. Nilipofika kwenye umoja nilisikia sauti yangu ikiwa peke yake chumbani, kama mtu anayeimba kwenye choo cha watu wengine.

"Iyo hapana yenyewe," msichana alisema nilipomaliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananisaidia.

"Kwa nini siyo yenyewe?"

"Juu chef hapana kuyaka." Kwa Kiswahili changu: kwa sababu chifu huwa haji.

Wadogo wa mbele wakakubali kwa vichwa. Mmoja akaeleza, ili mgeni aelewe, kwamba kwao walikaa siku nne wakimngoja chifu, na chifu alikuwa ameshafika Beni mbele yao. Mwalimu akamwambia anyamaze, lakini hakumwambia kwamba amekosea.

Nilikuwa na jibu. Mwalimu daima ana jibu. Nilitaka kuwaambia kwamba hadithi inaonyesha mambo yanavyopaswa kuwa. Nilifungua mdomo, nikakumbuka mtu aliyesimama pale pale saa moja iliyopita akimsifu marehemu kwa kutofanya hivyo, nikaufunga. Nikauliza mwisho wao uliandikwa na nani. Msichana akasema waliuandika wote, darasa zima, kwa siku tatu, wakapiga kura mara mbili. Kura ya kwanza ilikuwa kama mjane afe. Aliponea kwa kura mbili tu.

Niliwaachia nakala zote kumi na mbili. Kwenye taksi ya kurudi niliwachukia hadi tulipofika katikati ya njia, kisha nikaanza kucheka, na mama mmoja mwenye ndizi akasogea mbali nami kidogo.

Nyumbani mume wangu aliuliza kama haki nimeipata.

"Nimekuta nimekufa," nilisema. "Kwa tumbo."

"Wasingya," alisema kwa Kinande, yaani asante, na sikujua anamshukuru nani. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ilinichukua miezi mitano kukubali. Nilijaribu kwanza kuandika mwisho wa tatu, wa katikati, ambapo chifu anatuma ujumbe. Ulikuwa mbaya kuliko yote miwili. Mwishowe nilikwenda kwenye secrétariat public na kuchapa kijitabu upya, mwisho ukiwa ule wa watoto, neno kwa neno, na "batoto" zao zote. Jalada lina jina langu, la mwalimu, na maneno "na darasa la Beu". Kijana wa kompyuta aliniuliza kama ni lazima niandike hao wote, jalada linajaa. Nilimwambia apunguze herufi za jina langu. Sijui nilitoa wapi roho hiyo, haijanirudia.

Nilidhani hapo mambo yamekwisha, kwa sababu nilisahau inspecteur. Alipopelekewa toleo jipya alifungua faili lake na kukuta mwandishi wa hadithi hiyo ni marehemu, mwanaume, mzaliwa wa Unguja. Akaniita Beni. Nilimpelekea hati ya kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha ndoa, na mwili wangu. Alivisoma vyote, mwili pia.

"Madame, naona uko muzima," alisema. "Hapana tatizo ndani ya hiyo. Tatizo iko ndani ya dossier. Dossier inasema alikufa, na nilishatia cachet," yaani muhuri.

"Si unaweza kuifuta?"

"Cachet?" Aliniangalia kama nimemwambia amfute mama yake. "Cachet haifutike."

Tukapatana. Katika karatasi za serikali, mwandishi wa asili ameendelea kuwa marehemu yule wa Unguja, na mimi nimeandikwa kuwa "mrekebishaji". Nimerekebisha kitabu changu mwenyewe, kwa idhini. Mwalimu aliomba radhi njia nzima mpaka kwenye stendi, nikamwambia aache, kwa kuwa marehemu angalau aliwahi kusifiwa darasani.

Mwaka uliopita kanisa lilihitaji jengo lake, darasa likahamia wilaya ya Ruwenzori, hapohapo mjini Beni, kwenye kibanda cha mabati ambamo mvua ikinyesha hakuna anayesikia chochote. Yule msichana sasa yuko sekondari, na nasikia anawasumbua walimu wake. Mimi huenda kila likizo, juma zima, nafundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili, hatimaye, bila mshahara na bila kuombwa cheti. Mwalimu na mimi tunaandika kitabu kipya pamoja. Yeye anataka mhusika wetu mkuu aseme "niko nakuya", mimi nataka aseme "naja", na tumeshakorofishana hata tukaacha kusalimiana siku mbili. Tumefika ukurasa wa kumi na moja. Mpaka sasa mhusika mwenyewe hajaja wala hajakuya. Amesimama mlangoni kwa watu na kikapu chake, anatungoja tupatane.